Sauti ya Bi Sikudhani na Kilemba cha Baba

Hapo zamani, na wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, kadi ya bima ilipokuwa imekwisha kuingia pochini mwa watu, palikuwa na mwanamke wa Kizaramo akiitwa Bi Sikudhani. Kazi yake ilikuwa ushereheshaji wa harusi, na mdomo alikuwa nao. Akishika kipaza sauti, vikongwe walikatika viuno, na bwana harusi aliyenuna alicheka mpaka magego yakaonekana.

Kisha mumewe akafa. Akafa nyumbani, jioni, wakati yeye yuko ukumbini akichekesha watu. Tangu hapo kila akishika kipaza sauti koo lilijifunga, jasho likamtoka, neno likagoma. Alipewa asali, akapewa tangawizi, wapi! Na binti yake wa pekee, Mwajabu, alikuwa amekwisha kuchumbiwa. Harusi ya Mwajabu ishereheshwe na mdomo wa mtu mwingine? Jambo hilo lilimliza kuliko msiba wenyewe.

Mjini palikuwa na mshauri mmoja, dada Aikande, mwenye ofisi yake binafsi, kazi yake kuwasikiliza waliolemewa moyoni na kuwasaidia kuutua mzigo. Lakini kusikilizwa kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilimlemea mtu upya.

Wa kwanza kuinuka alikuwa shemeji wa Bi Sikudhani, Mzee Pazi, ambaye ndiye aliyemkatia bima. Akaenda na kadi ofisini kwa watu wa bima. Wakamwambia kadi hiyo inalipia meno, inalipia macho, inalipia kujifungua. Kukaa na kuongea hailipii. Mzee Pazi hakubishana. Kesho yake alirudi na mkeka na birika la kahawa, akakaa mlangoni pao, na kila mteja aliyefika akamkaribisha kikombe na kumsimulia.

"Shemeji yangu ana miaka hamsini na mitano," alisema. "Hawa wako tayari kumlipia uzazi. Maneno ndiyo yanawashinda."

Wateja wakacheka, kisha wakaanza kuuliza kadi zao wenyewe zinalipia nini. Meneja aliona heri kulipa kuliko kuchekwa, akaidhinisha miadi kadhaa kwa Aikande.

Mlango ukawa umefunguka, na Bi Sikudhani akakataa kuingia. Mtaani walisema wanaokwenda pale ni vichaa. Siku ya miadi alijifungia ndani, akasema mguu unamuuma.

Hapo ndipo alipokuja Mihambo, fundi baiskeli, Mnyamwezi. Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki wala huendi polisi, unamkimbiza tu. Mihambo akaingia uani, akamkwapua jogoo, akatimua mbio. Bi Sikudhani akasahau mguu. Akatoka mkuku, kanga ameishika kwa mkono mmoja, matusi ya utani yakimtoka kwa ukoo mzima wa Mihambo, sokoni watu wakimpisha, na jogoo huko mbele akipiga kelele kwapani mwa mwizi wake, mpaka ndani kwa Aikande.

"Ongea kwanza na huyu dada," alisema Mihambo. "Jogoo utampata ukitoka."

Jogoo akakaa mapokezini na wagonjwa wengine, ametulia kuwashinda.

Kila miadi ikawa hivyo. Mara sufuria la wali likiwa bado linafuka, mara kiatu cha kushoto. Bi Sikudhani alijua fika anapelekwa wapi, na bado alikimbia. Siku moja alifika mlangoni akicheka, na kicheko kile kilimshtua mwenyewe. Huko ndani akaanza kuisimulia ile jioni.

Alipofika katikati, bima ikasema basi, kifurushi kimekwisha. Kidonda kimefunuliwa, hakijafungwa! Afadhali asingeanza. Lakini alikuwa na shoga yake, Bi Chausiku, muuza juisi ya ukwaju, aliyekuwa akingoja kwa hamu zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa ili anunue friji. Alipokabidhiwa fungu lake hakwenda dukani. Alikwenda kwa Aikande, akaliweka mezani lote.

"Friji haina msiba," alimwambia shoga yake. "Nenda ukamalize."

Akaendelea kuuza juisi vuguvugu, wateja wakikunja nyuso. Bi Sikudhani naye akaisimulia ile jioni mpaka mwisho, akalia, akajisamehe.

Siku ya harusi akashika kipaza sauti. Sauti ikatoka! Aliwatania wakwe mpaka wakashika mbavu, na ukumbi wote ukalipuka kwa vigelegele.

Ikafika zamu ya kilemba, zawadi ambayo upande wa bwana harusi humpa baba wa bibi harusi. Baba hayupo. Mwajabu akasimama, akasema leo kilemba hakifuati damu: mama amvishe mtu mmoja tu, yule aliyemrudishia sauti.

Mzee Pazi akakohoa. "Mlango niliufungua mimi. Bila mkeka wangu, mngempeleka wapi?"

"Mlango wako ulifungwa safari ikiwa katikati," alisema Bi Chausiku. "Aliyemfikisha ni mimi, na sijanywa maji baridi mpaka leo. Nivisheni, nitakivaa juu ya ushungi."

Mihambo alikuwa akitafuna. "Mimi sikutoa hata senti," alisema. "Lakini pesa zenu zilikuwa zimekaa pale zinamngoja mtu. Mtu nilimleta mimi."

Watu wakamgeukia Aikande, naye akainamia sahani yake ya pilau, akasema yeye alikwisha kulipwa.

Bi Sikudhani akabaki na kipaza sauti mkono huu na kilemba mkono ule. Akimvisha mmoja, wawili amewaambia mbele ya mji mzima kwamba walilomtendea lilikuwa dogo. Wakwe wanangoja, pilau inapoa, na watu wote watatu wameinamisha vichwa tayari kuvishwa.

Basi nanyi mlio hapa, msijifanye mnasinzia. Mkono ule ungekuwa wenu: je, nani alistahili kilemba?