Jina la Mtoto wa Sikudhani

Sogeeni, na anayechezea simu aiweke mfukoni. Mwishoni nitawauliza, na "sijui" siipokei.

Katika hospitali ya wilaya fulani yenye mashamba ya mpunga walikuwapo wanawake watatu. Mwantumu alijua kujenga. Hidaya alijua kupanga foleni, hata ya watu wasioonana. Siwema hakuwa na maajabu. Alijua kusoma kumbukumbu za mitambo mstari kwa mstari bila kuchoka, kazi ambayo wengi wetu inatushinda.

Mwantumu ndiye aliyeweka seva, yaani kompyuta inayohudumia simu za watu, na ndani yake ukurasa mmoja wa mtandaoni: leo zahanati ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, na chupa ngapi. Kila asubuhi alizipigia simu zahanati zote kumi na moja, akaandika mwenyewe. Akaiwekea seva ulinzi pia: anwani yoyote ya mtandaoni, yaani simu au kompyuta yoyote, ikibisha zaidi ya mara mia kwa dakika, ifungiwe nje siku nzima, maana wahuni hawakosekani.

Masika yakaingia, mabonde yakajaa maji, nyoka wakapanda kwenye matuta. Redio ikautangaza ule ukurasa, wilaya nzima ikaufungua, seva ikawa inazimika kila siku. Hidaya akasema kinachotakiwa ni proksi, yaani seva nyingine inayokaa mbele kama bawabu: wageni wote wanaishia kwake, na yeye ndiye anayeingia ndani kuwaulizia, kwa kiasi ambacho wa ndani anakiweza. Alhamisi asubuhi akaiwasha. Seva ikapumua.

Ilipumua dakika kumi tu. Kisha ukurasa ukagoma kwa kila mtu.

Asubuhi hiyohiyo Sikudhani, mjamzito wa miezi minane, aling'atwa na kifutu shambani. Jirani mwenye pikipiki akambeba yeye na mumewe, Chande, hadi njia panda. Kushoto zahanati, kulia zahanati, kila moja mwendo wa saa nzima. Chande akafungua simu. Hakuna kitu. Alilia, jamani, mtu mzima, barabarani.

Huko hospitalini Hidaya alitaka kuing'oa proksi yake. Mwantumu akamwambia akiing'oa, msongamano utairudia seva na itazimika tena, na alisema kweli. Siwema hakubishana na mtu. Alifungua kumbukumbu, akakuta anwani moja imebisha mara elfu nne.

"Hidaya," akasema, "bawabu wako akiulizwa nani anabisha, anajibu 'mimi'. Kila mgeni, 'mimi'. Mlinzi wa Mwantumu kaona ni msumbufu mmoja, kamfungia nje."

Akaandika mistari miwili: proksi ipeleke ndani anwani ya kila mgeni, na seva iamini inachoambiwa na proksi. Akaiondolea proksi kile kifungo cha siku nzima. Ukurasa ukafunguka mkononi mwa Chande: kushoto hakuna, kulia chupa sita. Wakakata kulia.

Sikudhani alipona, na baada ya mwezi akajifungua binti. Akasema mtoto atachukua jina la aliyewaokoa. Mama mkwe alishauri wampe majina yote matatu yaishe, naye akakataa.

"Mtoto mmoja, somo mmoja," alisema. "Nataka akikua ajue pa kwenda kushukuru."

Basi watu wamegawanyika. Wengine wanamtaka Mwantumu, kwani bila ukurasa kungefunguliwa nini? Wanajibiwa kwamba ulinzi wake ndio uliofunga mlango. Wa Hidaya wanasema bila proksi seva ingekuwa imeshazimika kitambo; lakini ni yeye aliyesahau kumfundisha bawabu kutaja wageni. Na wa Siwema wanaambiwa mistari miwili juu ya jasho la wenzake si kitu. Mimi nimejaribu kumtoa mmoja mmoja. Nikimtoa yeyote, Chande anabaki pale njia panda.

Kesho ni siku ya saba, mtoto ananyolewa, na shehe anasubiri jina. Haya, wewe uliyenyamaza hapo: ungekuwa Sikudhani, mtoto yuko mapajani na wale watatu wamekaa mbele yako, ungemwita nani?