Zaburi Aliyoiruka Dimiana

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mola awarehemu, kwamba katika nchi ya Wanubi, enzi za kanisa la kale, alikuwako mjane mcha Mungu aliyeitwa Dimiana. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa Meza ya Bwana. Na desturi yao, wapendwa, ilikuwa tamu kweli: mwokaji hukanda huku akiimba zaburi zilizopangwa, na mikono haitoki kwenye donge mpaka zaburi ya mwisho iishe.

Miaka ya mwanzo Dimiana aliimba hata machozi yakamdondokea ungani. Kisha siku moja mgeni akabisha hodi, naye kwa haraka akaruka zaburi moja. Mkate ukatoka mzuri tu! Hapo ndipo alipoponzeka. Siku nyingine akaruka mbili, uchovu jamani. Baadaye akawa anaimba mstari, anasimama kumjibu jirani habari za sokoni, anaendelea popote anapopakumbuka. Mwishowe alinong'ona "Bwana, unirehemu," akafunika donge, basi. Kwa kukandwa muda mfupi, mkate ulizidi kupungua kimo, lakini kidogo kidogo, hata yeye na kanisa zima wakadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Ikafika siku ya mkesha wa Pasaka, asubuhi, kijiji kinachemka kwa wageni! Marita, mke mpya wa mwanawe Dimiana, akarudi kutoka kwao ng'ambo ya mto na mkate wa baraka uliookwa huko, zawadi kwa mama mkwe. Akauweka kando ya mikate ya Dimiana iliyotoka tanuruni wakati ule ule.

Lo! Ule wa Marita umefura, laini, unapendeza. Ya Dimiana imelala bapa kama soli za makubazi.

Marita, mtu wa utani, akacheka. "Mama, hapa kwenu hata mikate inafunga Kwaresima?"

Dimiana akacheka naye, lakini moyo ulimlipuka. Mara akaingia Kasisi Pisenti kuitazama mikate ya sikukuu. Akatazama huku, akatazama kule, akauliza kwa upole, "Bi Dimiana, kumetokea nini?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini: ngano ya mwaka huu mbaya. Nani angebisha? Akafungua kinywa alitoe, akajizuia. Alijua kwamba akisema uongo ule, hataimba zaburi tena maishani mwake.

"Baba, ngano ni njema," akasema. "Mimi ndiye niliyeacha kusali. Niliacha polepole, wala sikujiona. Mpe kazi hii mwingine."

"Unga upo, na mchana ungali mrefu," akajibu kasisi. "Nawa mikono, mama. Kanda."

Akanawa, akaanza! Zaburi ya kwanza, ya pili, sauti inapanda, watu wanajazana mlangoni. Katikati ya zaburi ya tatu, akakwama. Amesahau! Yeye aliyewafundisha wanawake wote wa kijiji kile! Aibu ilioje! Akainamia donge akalia kwa kwikwi, lakini mikono hakuitoa. "Ee Mola wangu," akasema, "nirudishie."

Ndipo Marita, aliyesimama nyuma yake, akaupokea mstari kwa sauti nyembamba. Wanawake wa mlangoni wakaupokea. Dimiana akaudaka, na nyumba nzima ikarindima hadi zaburi ya mwisho, vigelegele juu, jasho likimtiririka mjane wa watu. Donge likaumuka likainua kitambaa, na Pasaka ile watu wakala mkate ambao vijana wengi hawakuwahi kuuonja.

Ndugu zangu, haikuwako siku hata moja ambayo Dimiana aliamka akasema, "Leo namwacha Mungu." Hilo ndilo linalonitisha mimi. Na wewe je? Ni sala gani uliyoiruka wiki hii, ukaona hakuna kilichoharibika? Nenda kaisali.