Vumbi la Manowari

Sogeeni mbele, sogeeni. Mlioegemea nguzo kule nyuma nawaona, na wewe uliyefumba macho ukijidai unatafakari nakuona pia. Leo sina maneno mengi. Nina mfano mmoja tu, na nimeuleta kwa sababu wiki hii nimeitwa kusuluhisha nyumba mbili za mtaa huu, na zote ugomvi umeingilia mlango ule ule. Mfano wenyewe nimeutunga mimi. Msije mkatoka hapa mkasema sheikh kasimulia hadithi ya Mtume. Nawajua nyinyi.

Kulikuwa na fundi mmoja katika mji wa bandari. Alifanya kazi kwenye gudi, pale meli zinapotolewa majini zikatengenezwa. Siku moja ikaletwa manowari kuukuu, meli ya vita, kubwa, imechoka, inatakiwa ivuliwe ndani yote ivishwe upya. Na ndani ya manowari za zamani, ndugu zangu, kila ugusapo ni asbesto. Mnaijua, ile ya mapaa ya majumba ya zamani. Kule mabomba ya moto yamezungushiwa asbesto, kuta za vyumba vya mabaharia ni mbao za asbesto, maana haishiki moto. Ikiisha manowari hii inaletwa nyingine, na fundi wetu kazi yake ni kuibandua, kuivunja, kuikata kwa msumeno. Vumbi lake ni jeupe, laini. Halina harufu, haliwashi, halichomi. Ukilipangusa kwa mkono unaona limekwisha.

Sasa, yule fundi alikuwa analala kambini pale pale wiki nzima, na mkewe yuko ng'ambo ya pili ya maji. Alimwoa karibuni, na alikuwa anampenda. Mbona mnacheka? Kumpenda mke ni aibu siku hizi? Akipewa wali wa kambini anaukumbuka mkono wa mkewe. Akijilaza kitandani anaitafuta sauti yake, namna anavyosema "karibu" akiivuta ile "bu" ya mwisho. Ikifika Ijumaa wenzake hawapati neno kwake. Moyo umeshavuka zamani, kilichobaki kwenye gudi ni mwili tu.

Nje ya gudi palikuwa na bomba la maji na pipa, na msimamizi amesimama hapo. Amri ilikuwa moja: vua ovaroli uitie pipani, oga, vaa nguo zako safi, ndipo uende kwenu. Lakini Jumamosi jioni kila mtu anataka kwenda kwao, foleni ya bombani inazunguka mpaka nyuma ya ghala, na huku feri inapiga honi. Fundi akaitazama foleni. Akaitazama feri. Akakata shauri.

"We fundi! Bombani!"

"Bwana mkubwa, feri hiyo inaondoka. Nitaoga kwangu."

"Amri ni amri."

"Na mke wangu ni mke wangu," akajibu, akacheka, akapita mbio na ovaroli yake mwilini.

Hapa nisimame kidogo. Yule msimamizi alikuwa anajua lile vumbi lina nini. Kwa nini hakusema? Angesema, "Ndugu yangu, hicho ulichokivaa kinaua," nani angekimbilia feri? Yeye akasema amri ni amri, akaona kamaliza kazi. Na sisi masheikh tumo humo humo, na nyinyi wazazi pia. Tunakataza, tunakemea, hatuelezi. Haya, turudi kwa fundi wetu.

Mkewe yuko mlangoni tangu alasiri. Kajifunga leso mpya, asumini kichwani. Akamwona mumewe anakuja mweupe nywele, kope, mabega, akashika kiuno.

"Ala! Mimi niliolewa na kijana. Huyu mzee wa mvi nani kaniletea?"

"Vumbi la meli tu hilo, mke wangu. Ngoja kwanza nijimwagie maji."

"Maji yatakuwepo. Njoo hapa, mzee wangu."

Akamkumbatia vivyo hivyo, uso kauzamisha kwenye kifua cha ovaroli, akavuta pumzi. Mnajua mtu aliyemkosa mtu wake anavyovuta pumzi? Anavuta yote. Kisha akamvua ile ovaroli, akaikung'uta pale pale chumbani, pa, pa, pa, akaiweka kando. Jumapili asubuhi akaifua kwa mikono yake, na ilipokauka akaiinamisha juu ya chetezo, akaifukiza udi.

"Udi kwenye ovaroli?" mume akamuuliza. "Wenzangu watanicheka."

"Na wacheke. Wiki nzima ukiwa huko, nataka uninuse mimi."

Ikawa ndiyo desturi yao. Jumatatu ovaroli inavuka maji na udi, Jumamosi inarudi na vumbi. Kila wiki yeye anampelekea mumewe kitu kizuri alicho nacho. Na mume, Mungu amsamehe, alikuwa anamletea nini?

Miaka ikapita mingi. Hilo vumbi halina pupa, linakaa kifuani linangoja. Fundi akazeeka kweli sasa, mvi zikawa zake mwenyewe, akaacha kazi. Wakapata yale waliyoyatamani ujana wao wote, kuamka nyumba moja kila siku, hakuna feri, hakuna Jumatatu. Wakakaa hivyo kidogo tu. Kisha kifua kikaanza.

Cha nani? Nyinyi nyote mnasema cha mume. Ndiye aliyevunja kuta za manowari, ndiye aliyekuwa ndani ya vumbi mpaka kiunoni. La. Kilikuwa cha mke. Kupanda ngazi hawezi, kucheka hawezi, akilala chali anatafuta pumzi kama mtu anayezama.

Wakaenda hospitali. Daktari akaitazama picha ya kifua, akaitazama tena.

"Mama, ulifanya kazi wapi?"

"Nyumbani kwangu, mwanangu."

"Kiwandani je? Bandarini? Melini?"

"Meli? Mimi nimepanda feri tu, na hiyo pia kwa hofu."

Daktari akaiweka picha mezani. Kisha akamgeukia mume. "Na wewe, mzee, ulifanya kazi gani?"

Akamweleza. Daktari akauliza jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini. "Ovaroli zako alikuwa anazifua nani?"

Ndugu zangu, yule mzee akakosa pa kuweka macho. Alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka pipa lile, bomba lile, foleni ile waliyosimama wenzake wakaenda kwao wamechelewa na wako safi.

Jioni ile akaketi kando ya kitanda, akamweleza mkewe kila kitu. Alilia, naam, mwanamume mzima alilia. Akasema, "Nilikuwa nakukimbilia wewe. Nilishindwa kungoja. Wallahi ni hamu yako tu iliyonipitisha pale bombani."

Mke akamshika mkono. Hakumlaumu, na heri angemlaumu. Alikusanya pumzi, akamwambia, "Ungeoga tu, mume wangu. Mimi si nilikuwepo? Ningekungoja."

Hakukaa sana baada ya hapo. Akazikwa.

Na yule mzee mnajua anafanya nini sasa? Kila Jumamosi jioni anakwenda kwenye bomba la uani. Anavua nguo zote alizoshinda nazo, anaoga, anasugua mpaka kucha, anavaa kanzu iliyofuliwa. Kisha anazunguka nyumba mpaka mlango wa mbele, mlango wake mwenyewe, anabisha. "Hodi." Anasimama hapo safi, anaisikiliza ile "karibu" inayovutwa mwisho. Anangoja mpaka giza liingie, ndipo anaufungua mlango mwenyewe.

Haya. Mnadhani nimezungumza habari za meli?

Ndugu zangu, sisi ni watu wa udhu. Tone la najisi likituingia kwenye kanzu tunahangaika nalo mpaka lisafike. Lakini unatoka kijiweni umesengenya mchana kutwa, mdomo umejaa, unaingia nao nyumbani kumbusu mtoto. Bosi kakutukana kazini, hukumjibu kwa sababu unamwogopa, umelibeba tusi lake katika basi mpaka sebuleni, unamkung'utia mke wako usoni kwa sababu chai imepoa. Unasema si kitu, vumbi la kazi tu hilo. Wewe mwenyewe umelizoea, hulisikii. Nani atakayelivuta mpaka ndani? Adui yako hakusogelei, mpita njia hakukumbatii. Atakayelivuta ni yule anayekupenda, yule anayezamisha uso wake kifuani mwako kwa kuwa alikukosa siku nzima. Yeye hajikingi kwako. Angejikinga vipi, na ni wewe?

Na msiniambie mna haraka. Fundi hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hamu tu. Hata hamu yako njema haikuondolei wajibu wa kusimama kwenye foleni ukajisafisha.

Kwa hiyo leo tukimaliza sala, sitaki mtu abaki hapa kunipa mkono na kuniambia mawaidha yalikuwa mazuri. Nendeni kwenu. Ukifika mlangoni usiingie bado. Simama, jikung'ute huko nje, mwachie Mungu ghadhabu yako na maneno yako ya mchana. Halafu bisha hodi, na ukiitikiwa "karibu", ewe ndugu yangu, isikilize mpaka inakoishia.

Muadhini, kimu sala.