Mlango wa Sikudhani

Hapo zamani, enzi za watu waliofunga nyumba kwa komeo la mti, palikuwa na mji mlimani ukiitwa Kwekiuyo. Msikiti ulikuwa juu, kanisa chini, na katikati palikuwa na baraza, ambamo wazee walitunga sheria kwa kunyoosha mikono. Mnanisikia? Wewe uliyeegemea ukuta, usisinzie, maana mwishoni nitakuuliza wewe.

Mji ule ulikuwa na mila moja. Mume akifa, ndugu zake walikuja wakang'oa mlango wa nyumba yake, wakaenda nao. Mjane hawakumfukuza, wala hawakumtukana. Walichukua mlango tu. Lakini nyumba bila mlango, mbuzi wanaingia, mvua inaingia, wenye mikono mirefu wanaingia. Mjane akichoka, alikusanya wanawe akaondoka, na ndugu wakasema, "Nani kamfukuza? Kaondoka kwa miguu yake." Basi nyumba ikawa yao.

Sikudhani alifiwa na mumewe, Mhina, wakati wa kuvuna maharage. Matanga yalipokwisha, shemeji yake Kupaza, mmoja wa wazee wa baraza, akaja na nyundo.

"Shemeji, usinione mbaya," Kupaza akasema, huku anang'oa bawaba. "Ndiyo mila yetu."

"Mlango huu tuliununua kwa viazi vyangu, shemeji."

"Najua. Mimi ndiye niliyewasaidia kuubeba." Akaubeba tena, safari hii kwake, akaenda kuutia kwenye zizi la mbuzi.

Sikudhani akatundika khanga mlangoni, akaketi chini yake, mgongo kwenye mwimo. Hakuondoka. Watu walisema ni jasiri. Uongo! Alikuwa anaogopa kweli kweli, ila hakuwa na pa kwenda.

Sasa, huko msikitini alikuwako Maalim Shekue, mwalimu wa chuo, ambaye ndiye aliyelisomea dua baraza kila lilipofunguliwa. Na mlango wa mfiwa ulipong'olewa, aliitwa yeye pia ausomee. Hata ule wa Sikudhani aliusomea. Kila alipokwenda kuswali alipita pale, akaiona ile khanga ikipepea na yule mwanamke ameketi, akamsalimu. Sikudhani alimjibu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomchoma.

Siku ya kufungua baraza ikafika. Wazee wakainua viganja, wakangoja. Maalim hakuinua vyake.

"Maalim, tunakungoja," wakasema.

"Nami nawangoja nyinyi. Kitabu changu kinanikataza kumwonea yatima, nanyi mnamng'olea mlango yeye na mama yake. Tungeni sheria ya kuuacha mlango mahali pake, nami nitaomba. La sivyo, mikono yangu haiinuki."

Wazee wakafura kwa hasira. Dua akasoma mwingine. Tangu siku hiyo Maalim hakuitwa kwenye khitima wala harusi, na watoto wakatolewa chuoni mwake mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye na mikeka. Lakini neno sheria lilikuwa limekwisha tamkwa barazani, na wote walilisikia.

Kulisikia ni kitu kimoja, kulitenda ni kingine. Wazee walilikalia. Ndipo akatokea Mama Naetwe, mwimbishaji wa kwaya ya kanisa, mwanamke wa sauti kubwa na subira ndogo. Akamwendea Sikudhani, akaketi naye chini ya khanga.

"Mwenzangu, Maalim wenu kasema kweli, lakini kasema peke yake," Mama Naetwe akasema. "Na Mungu wetu naye mjane hakumsahau. Ngoja uone."

Akazunguka nyumba kwa nyumba, juu msikitini na chini kanisani. "Mumeo akifa, wewe utalala wapi?" Hilo tu ndilo aliloliuliza. Siku ya baraza wanawake wakang'oa milango ya nyumba zao wenyewe, wakajitwika. Milango ya mbao, ya bati, ya matete, yote ikaegemezwa kwenye kuta za baraza, mpaka wazee ndani hawaonani. Wa kanisani wakaimba. Wa msikitini walianza kwa vigelegele, mwisho na wimbo wakaujua.

Mama Naetwe alikuwa amewaahidi kwamba wakati wa kupika milango ingekuwa imerudi. Haikurudi. Wazee walikaza shingo, siku zikapita, mbuzi wakaingia nyumba zote na kula mahindi ya watu. Wengine walimlaani waziwazi. Lakini waume wa Kwekiuyo, kwa mara ya kwanza, walilala kwenye upepo wa nyumba isiyo na mlango, na asubuhi walikohoa pamoja na watoto wao.

Wazee wakapiga kura. Nusu walinyoosha mikono, nusu wakakataa. Akabaki mmoja ambaye mkono wake alikuwa ameukalia. Nani? Kupaza, shemeji wa Sikudhani!

"Ukinyoosha, umetuvua nguo," nduguze wakamnong'oneza.

Kupaza alitazama ile milango iliyoziba madirisha, akasikiliza ule wimbo. Kisha akautoa mkono chini ya paja, akaunyoosha. Sheria ikapita: tangu siku ile, mlango wa mjane haung'olewi.

Vigelegele! Wanawake wakajitwika milango yao wakarudi makwao. Lakini sheria ilisema tangu siku ile, haikusema kabla yake. Milango iliyokwisha kung'olewa ilibaki kwa walioing'oa. Basi Sikudhani, aliyeanzishiwa mambo yote hayo, alirudi kwenye khanga yake. Akalia, nani asingelia?

Kesho yake akamwona Kupaza anakuja na mlango kichwani. Hakuna aliyemlazimisha. Mlango ulinuka mbuzi, lakini ulikuwa wake.

Hapa sasa tegeni masikio. Huko kwao mlango uliochukuliwa na mtu ukirudishwa mahali pake, mwenye nyumba huushika usianguke, na mtu mwingine hupigilia msumari wa kwanza. Anayepigilia huitwa ndugu wa mlango. Tangu hapo shamba la nyumba ile haliuzwi, mtoto haozwi, ugomvi hauamuliwi bila neno lake, mpaka kufa. Na wewe wa nyuma, najua unataka kusema apigilie mwenyewe. Nimekwambia, ameushika mlango.

Wakaja watatu.

Maalim Shekue akasema, "Mwanangu, mimi niliusomea dua ulipong'olewa. Niache niirekebishe kwa mkono huu huu. Nilisema hapana nikiwa peke yangu, wakati hakuna aliyejua kama tutashinda. Nyumba za mji huu zote zimenifungia. Nifungulie yako."

Mama Naetwe akasema, "Maalim alisema, wakamnyamazisha. Mimi ndiye niliyewakusanya wanawake mpaka mkono wa Kupaza ukanyooka. Nyundo hii haijawahi kushikwa na mwanamke, wala na mtu wa dini nyingine. Ukimpa mwanamume leo, dada yangu, neno la nyumba yako limerudi mdomoni mwa wanaume. Mila itakuwa ile ile, imebadili kanzu tu."

Kupaza akaangalia chini. "Shemeji, mimi nilikukosea, sifichi. Lakini kura iliyopitisha ni yangu, na mlango nimeurudisha bila kuombwa. Watazame wale pale njiani. Wote wana milango ya wajane mazizini mwao. Ukinipa nyundo, wataona kwamba anayerudisha haaibiki, na kesho watairudisha. Ukininyima, watakufa nayo."

Sikudhani akageuza shingo. Njiani wanaume walisimama, mikono nyuma, wanatazama. Pembeni yao walisimama wajane, khanga begani, wanatazama vilevile, na kwao sheria ilikuwa haijaleta chochote bado. Sikudhani alimwonea Maalim huruma. Alimpenda Mama Naetwe kama ndugu wa tumbo moja. Alimwogopa Kupaza, na mtu unayemwogopa kumpa neno la nyumba yako mpaka ufe si mchezo. Lakini wale wajane aliwajua kwa majina, na usiku wao aliujua.

Mlango ulikuwa mzito. Bega ameliegemeza kwenye mbao, na wingu la mvua linashuka mlimani. Nyundo ilikuwa chini, karibu na mguu wake. Akaisukuma mbele kwa kidole gumba, akafumbua mdomo kutaja jina.

Mimi hapo ndipo nilipoachiwa hadithi, na hapo ndipo ninapowaachia nyinyi, mnaorudi leo kwenye nyumba zenye milango. Mlango unamwelemea. Semeni upesi: je, nani alistahili nyundo?