Kauli Mbili na Natija

Palikuwa na Sultani mmoja huko Mkwambani, jina lake Sabahi, aliyejifunza mantiki siku tatu akautesa nayo mji miaka saba. Barazani kwake huruhusiwi kusema "nihurumie". Toa kauli mbili, kisha natija. Na ukishazikubali kauli, natija huikwepi, ikuume isikuume.

Siku moja askari wake wakamkamata punda wa Somoe, mfinyanzi mjane, asiye na mwingine wa kumbebea vyungu kwenda sokoni. Bila punda yule, jiko lake haliwaki. Somoe akatoka mbio, roho juu, mtungi wake wa maji ya kunywa bado u kichwani na kata i mkononi, mpaka barazani.

"Kauli ya kwanza," akaanza Sultani, hata hajaamkiwa. "Kila anywaye maji ya mtu ni mali ya mtu huyo. Kauli ya pili: punda wako amekunywa kisimani kwangu. Natija?"

Wazee wa baraza wakaitikia kwa pamoja: "Punda ni wa Sultani!"

Somoe moyo ulimchoma. Ile kauli ya pili ilikuwa kweli tupu. Punda alikunywa, naye akimtazama. Iliyooza ni ya kwanza. Lakini nani amwambie Sultani kauli yake imeoza? Akaona heri aikumbatie.

"Bwana, mimi kichwa changu kizito. Hiyo ya kwanza, ni kwa punda tu?"

"Kwa kila anywaye! Ndiyo maana nimesema 'kila'."

"Hata mtu?"

"Hata mtu!"

"Hata mtu mkubwa?"

"Mantiki haimjui mkubwa wala mdogo!" akafoka Sultani. Akaeleza upya, akapanda, akashuka, mpaka koo likamkauka, akaanza kukohoa.

"Pole, Bwana." Somoe akautua mtungi, akachota kata moja, akampa. Sultani akayagugumia yote, akajifuta ndevu.

"Matamu haya! Maji ya wapi?"

"Ya mvua, Bwana. Nimeyakinga mwenyewe, kwenye paa langu."

Safari hii hakuna mzee aliyeitikia; kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake. Sultani akaitazama kata, akamtazama Somoe, jasho likamtoka.

"Mwanamke, usithubutu kuitoa hiyo natija!"

"Siitoi, Bwana. Mimi nataka wa kunibebea vyungu tu, na soko linafungwa adhuhuri. Aje punda, au uje wewe."