Kitovu cha Mtoto wa Milembe

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya fisi kuposa binti wa mfalme, nasema zamani yenye mabati na mashine ya kusaga, palikuwa na kijiji kimoja chini ya mwamba. Kijiji kiliitwa Mwabusolo. Mwamba ulikuwa na pango, na pango lilitosha watu wote wa kijiji wakikubali kubanana. Likumbukeni hilo pango. Kila mtu Mwabusolo alijua liko wapi.

Kijijini hapo aliishi Ngasa, mkulima wa pamba, na mkewe Milembe, na mama yake Ngasa, bibi Holo. Jumapili moja Milembe akajifungua mtoto wa kike. Mdogo wake, Limi, alikuwa ameshafika kutoka kwao, mwendo wa siku mbili kwa miguu, aje amsaidie dada yake kwa uji na maji ya moto.

Mwabusolo walikuwa na mwiko wao. Mtoto mchanga havuki kizingiti mpaka kitovu kikauke na kudondoka. Wala mama yake havuki. Kitovu kikidondoka kinazikwa, na kilipozikwa ndipo kwao mtoto. Kikizikwa kwa baba, kwao ni kwa baba. Kikizikwa kwa wajomba, kwao ni kwa wajomba, na hakuna baraza la kugeuza. Msiniletee habari ya ng'ombe wa mahari, kitovu kiliwazidi. Najua watu wa mjini wanacheka wakisikia haya. Wakifa, hao hao wanasafirishwa kilomita mia tisa wakazikwe nyumbani.

Siku ya tano, Alhamisi, saa tisa alasiri, kukawa kimya. Kuku waliingia bandani wenyewe. Anga likawa na rangi ya alama ya kipigo cha juzi, zambarau katikati, manjano pembeni. Kisha wingu likashusha kitu chembamba, kirefu, kinachopapasa chini kama mkonga wa tembo. Watu walikuwa wameona visulisuli vya kiangazi, vile vya kuzungusha vumbi na majani makavu, watoto wakavikimbilia kwa kucheza. Hiki hakikuwa cha kucheza. Kililia kama mashine za kusaga ishirini zinazosaga bila mahindi.

Watu wakakimbilia pangoni. Wakipita kwa Ngasa wakaita, "Holo, mtoe mzazi!"

Holo akajibu kutoka ndani, "Kitovu hakijadondoka."

Wakaita mara ya pili. Holo akajibu, "Kitovu hakijadondoka."

Mara ya tatu hawakuita. Nao walikuwa na miguu yao na watoto wao.

Basi upepo ukaja. Ulikaa Mwabusolo muda wa kuchemsha chai, ukaondoka. Waliotoka pangoni walikuta kuku hai wasio na manyoya. Walikuta mtungi wa maji umesimama pale pale ulipokuwa, umejaa, na nyumba uliyokuwa umeiegemea haipo. Mawe ya barafu makubwa kama viazi yalikuwa yamelala mashambani, yanayeyuka taratibu juu ya pamba iliyopondwa.

Na kwa Ngasa walikuta mlango. Nyumba hakuna. Paa hakuna. Kuta zimelala. Lakini nguzo za mlango zilikuwa za mninga, zimechimbiwa chini sana, na mlango ulikuwa umesimama, umefungwa, na Ngasa ameuegemea kwa mgongo kutoka nje, mkono mmoja umevunjika, miguu imekita ardhini. Alikuwa bado anaushikilia. Walimwambia, "Ngasa, achia." Hakuachia mpaka walipombandua.

Milembe alikuwa upande wa pili, chini ya ukuta. Amekufa.

Mtoto alikuwa hai, pangoni, mikononi mwa Limi. Kitovu kilidondoka kesho yake, Ijumaa asubuhi. Yaani upepo ungechelewa siku moja, Milembe angevuka kizingiti kwa miguu yake. Hilo halimsaidii mtu yeyote. Nalisema kwa sababu kila mtu Mwabusolo alilifikiri na hakuna aliyelisema.

Jumamosi akaja kiongozi mmoja na blanketi kumi na mpiga picha. Akausifu mlango. Akamwomba Ngasa auegemee kidogo, kama siku ile. Na Ngasa akauegemea, maana mtu aliye katika hali ile akiambiwa simama anasimama.

Jumapili wakamzika Milembe. Watu hawakutawanyika. Mkunga Nyanzobe, aliyemzalisha Milembe wiki moja kabla, akaketi chini kando ya ule mlango. Kitovu alikuwa nacho yeye, amekifunga kwenye pindo la kanga yake. Mtoto alikuwa mapajani mwake, analishwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, tone kwa tone, na nusu yanamwagika shingoni.

Nyanzobe akasema, "Watu watatu wananidai kitovu hiki. Kila mmoja nitamuuliza maswali mawili. Siku ile ulifanya nini? Na siku ile ulisikia nini?"

Akaanza Holo, kwa umri wake.

"Nilimtoa mtoto," Holo akasema. "Mimi hapa. Limi alikuja nyuma ya nyumba akagonga dirisha, akasema, bibi, lete mtoto, shemeji ameuzuia mlango. Nikamwambia mlangoni mtoto hapiti hata ungekuwa wazi. Lakini dirisha halina kizingiti. Nani kati yenu angelifikiri hilo, mabati yanalia kichwani? Nilimfunga shuka nikampitisha kichwa kwanza, kama alivyozaliwa."

"Na dada yangu?" Limi akauliza.

"Dirisha lile ni la viganja vitatu. Dada yako hakuwa mtoto wa siku tano."

"Waliwaita mara mbili mwende pangoni, bado mapema. Ukakataa mara mbili."

"Nilikataa mwiko usivunjwe. Watoto wote wa kijiji hiki walikaa ndani siku zao. Nyanzobe aliwakata vitovu mwenyewe. Nyanzobe, uliwahi kusema mwiko ule ni mbaya?"

Nyanzobe akafuta maziwa shingoni mwa mtoto. "Sikuwahi."

"Basi. Na wale wa kwa Masalu walitoka mlangoni wakati upepo umeshafika. Bati likawakuta uani. Mliwazika jana, mmesahau? Mimi mjukuu wangu yuko hai. Kitovu nipeni, nikizike hapa, alipozaliwa baba yake."

"Ulisikia nini?"

"Upepo," Holo akasema, akafunga mdomo.

Akafuata Limi. Alisimama kwa shida. Mgongo wake ulikuwa umevimba wote kwa mawe ya barafu, hakuweza kuvaa blauzi, amejitanda kanga.

"Nilikuwa mwambani naanua michembe," akasema. Michembe ni viazi wanavyokata na kukausha juani, ndiyo akiba yao ya njaa. "Nikaona watu wanakuja pangoni. Nikahesabu, dada simwoni. Pango lilikuwa hapo, hatua kumi. Nikashuka. Nikamkuta shemeji kwenye mlango, namsemesha hanisikii. Nikazunguka dirishani. Nilipopewa mtoto nilimweka tumboni, mgongo nikaupa mawe, nikakimbia nimeinama. Nilianguka mara tatu. Mara zote tatu nilianguka kwa viwiko. Mtoto hana hata mchubuko, mnaweza kumkagua."

"Tumeshamkagua. Ulisikia nini?"

"Jina langu. Mara mbili."

Mzee mmoja, baba Kulwa, akasema kwa upole, "Alikuwa anakuaga, mwanangu. Alikuwa anakuhimiza ukimbie."

"Baba Kulwa, wewe ulikuwa pangoni. Usinifariji kwa kitu ambacho hukukisikia." Limi hakupandisha sauti. "Alikuwa ananiita nirudi. Alinilea mimi. Namjua anavyoita akitaka mtu arudi."

"Ungerudi mngekufa wote na mtoto," Holo akasema.

"Au ningeweka mtoto chini, nikambandua shemeji, wakatoka. Sijui, bibi. Nilisikia na sikugeuka, na ndiyo sababu mna mtoto wa kugombania leo. Kwetu mke wa kaka ananyonyesha, maziwa yanamwagika. Nipeni kitovu nikakizike kwetu. Hapa mtoto anakufa kwa kijiko chenu."

Watu wakatazama kijiko.

Akafuata Ngasa. Alizungumza akiutazama mlango.

"Miaka mitatu iliyopita mlango wa mjomba wangu ulifunguka kwenye upepo. Upepo ukaingia, paa likaondoka kama kifuniko cha sufuria, kuta zikafuata. Nilikuwepo, niliona. Nikajifunza. Mlango wetu unafungukia nje, na komeo lilivunjika tangu Krismasi. Nilikuwa nasema nitalitengeneza. Siku ile nilikimbia kutoka shambani, nikakuta mlango unapigapiga. Nikauegemea. Paa likatulia. Lilitulia muda wa kumfunga mtoto shuka, na kumpitisha, na Limi kufika mwambani. Nisingeegemea, lisingengoja."

"Hakuna anayebisha," Nyanzobe akasema. "Ulisikia nini?"

"Kugonga."

"Kugonga kwa namna gani?"

"Kwa kiganja kwanza. Halafu kwa ngumi."

"Halafu?"

"Halafu akaacha. Nikafikiri amenielewa."

Ngasa akaendelea. "Sina nyumba. Sina mke. Nikizika kitovu hapa, nitakuwa na sababu ya kujenga. Nisipokizika, mimi ni mtu na mlango. Nipeni."

Palikuwa na mwalimu wa shule, mtu wa kupenda kumaliza mambo akale. Akainua mkono. "Mimi napendekeza tukizike kaburini kwa marehemu. Ndiye aliyemzaa. Hapo hakuna wa kulalamika."

"Mwalimu," Nyanzobe akasema, "kitovu kinazikwa kaburini mtoto akifa. Huyu bado anameza. Keti."

Mwalimu akaketi.

Ndipo Nyanzobe akamgeukia Holo tena. "Dada, swali la pili hukulijibu. Nyumba ilianguka na nyinyi wawili mko ndani. Mmoja tumemzika, mmoja ameketi hapa. Ulisikia nini?"

Holo akavuta kanga usoni. Tulidhani hatajibu, nasema tulidhani, ingawa sikuwepo, kwa kuwa hata mimi niliyesimuliwa nilingoja.

"Mlinikuta wapi?" akauliza.

"Uvunguni."

"Uvungu wetu una gunia la mtama. Nafasi ni ya mtu mmoja. Mtoto alipokwisha kupita dirishani, na mlango umekataa, na Limi haonekani, alinigeukia akasema, mama, ingia wewe, mimi siwezi kuinama. Alikuwa bado na maumivu ya uzazi. Mtu akikukirimu hivyo, unakataa kwanza. Hata kikombe cha uji unakataa kwanza, ubembelezwe. Mimi sikukataa. Niliingia aliposema mara ya kwanza."

Ngasa akageuka akamtazama mama yake. Limi naye akamtazama. Kisha wale wawili wakatazamana, wakaangalia chini, maana kila mmoja alikuwa na lake.

"Kwa hiyo mtoto nilimtoa mimi," Holo akasema, polepole sasa, "na mimi alinitoa mama yake. Sijui mnalipimaje hilo. Lakini mkinipa, nitamlea kama mtu anayejua anaishi kwa nafasi ya nani. Hawa vijana watazaa wengine."

"Usitusemee," Limi akasema.

Mtoto akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha kiumbe ambacho hakijashiba tangu Alhamisi. Nyanzobe akampa kijiko, akakitema.

Nyanzobe akafungua pindo la kanga. Kitovu kilikuwa kidogo, cheusi, kikavu kama kipande cha mchembe. Akakiweka kiganjani, akanyoosha mkono mbele ya watu wote.

"Mimi siwezi kuamua," akasema. "Jumapili ile nilipomaliza kazi yangu nilinawa mikono, nikamwambia Milembe, usivuke kizingiti mpaka kitovu kidondoke. Nilisema kwa mdomo wangu. Alinijibu, sawa, mama."

Upande wa magharibi wingu lilikuwa limeanza kujikusanya tena, zambarau katikati. Huenda lilikuwa mvua ya kawaida tu. Lakini Mwabusolo haikuwa na paa lolote la kuijaribia, mtoto alipaswa kuwa njiani au kuwa pangoni kabla haijafika, na haendi popote mpaka ijulikane kwao ni wapi.

Mimi nilisimuliwa mpaka hapo tu, na aliyenisimulia aliinuka akaenda zake. Nimelala nalo hili miaka. Nikimpa Holo, nasikia ile sauti, kitovu hakijadondoka. Nikimpa Ngasa, nasikia kiganja, halafu ngumi. Nikimpa Limi, nasikia jina linaitwa mara mbili. Na kila mmoja wao asingefanya alilofanya, hakuna mtoto.

Mkono wa Nyanzobe bado umenyooshwa. Nyinyi mlioketi chini ya paa lisilovuja, semeni, na semeni kabla mvua haijafika: kati ya aliyekataa mlango, aliyeuzuia mlango, na asiyerudi mlangoni, je, nani alistahili kupewa kile kitovu?