Nyanya za Nani?

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale. Leo sisimulii ili mtu aburudike. Kuna jambo limenikaa kooni, nataka mnihukumie.

Jirani yangu Bi Chausiku alikuwa na nyanya zake nyuma ya jiko, zile za mikunjo, chachu, moja tu inatosha mchuzi. Kijiji kizima tuliziita nyanya za Chausiku. Kabla hajafa aliwaambia wajukuu zake, "Mbegu hii ikipotea, atakayeirudisha aipe jina lake. Jina la mtu mmoja, msije mkagombana."

Akafa, na mbegu ikapotea kweli. Wajukuu wa kike walikuwa watatu. Mwanahawa hapitwi na kitu. Riziki hajui kuchoka. Na Tunu, mmea ukiugua, anaujua kama mama anavyoijua homa ya mwanawe.

Siku ya kusiriba jiko upya, fundi ameshachota udongo, Mwanahawa akaona vidoa ukutani. Bibi alikuwa akizipaka mbegu hapo pamoja na majivu ili zikauke. "Hebu subiri," akamwambia fundi, akazikwangua kwa kucha. Alizisia zote, ukaota mche mmoja. Bila jicho lake, mbegu zingezikwa ukutani.

Mvua zikagoma, kisima kikakauka. Riziki akawa anakwenda mtoni, ndoo kichwani, mimba tumboni. Watu wakamcheka kwamba anajitesa kwa mche mmoja. "Na huyu wa tumboni ni mmoja," akawajibu, akapita zake. Bila maji yake, mche ungekuwa kuni.

Ulipochanua tu, majani yakaingia madoa meusi. Tunu akayakata mabovu akayachoma moto, kisha akachana kanga yake ya harusi na kuufunga mche kwenye miti ili usiguse udongo. Bila yeye tusingeonja hata tunda moja.

Nyanya zikaiva. Siku ya kuchuma akaja kaka yao, Mbwana, na wageni wake. "Karibuni muone nyanya za Mbwana," anasema. "Kiwanja si changu?" Mtu ambaye hata maji ya kunawa hakuwahi kuyamwaga kwenye shina lile! Wageni wakapiga makofi. Nilitamani kulia kwa hasira.

Nikawaambia wale dada, "Semeni basi." Mwanahawa akamtazama Riziki, Riziki akamtazama Tunu, kila mmoja anaona haya kujitaja mbele ya wenzake. Na huku wanaoneana haya, watoto wa kijijini wameshaanza kuimba nyanya za Mbwana.

Kwa hiyo Mbwana msinitajie kabisa. Wala msiniambie wote watatu, marehemu alishakataza. Mbegu ziko ukutani tena, zimepakwa majivu, na masika yakifika zitagawiwa kijiji kizima pamoja na jina lake jipya. Je, wewe ungezipa jina la nani?